Charles Darwin: Safari ya Vyuo Viwili

Charles Robert Darwin, mwasisi wa nadharia ya mageuko, alizaliwa tarehe 12 Februari 1809 katika mji wa Shrewsbury, Uingereza. Babake alikuwa tabibu tajiri, na babu yake vilevile tabibu. Ilitarajiwa basi kwamba kijana angezifuata nyayo hizo, na mnamo Oktoba 1825, akiwa na umri wa miaka 16, alipelekwa katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti, kusomea udaktari.

Mambo hayakumwendea vyema. Mihadhara ilimchosha, na damu hakuistahimili. Alishuhudia upasuaji mara mbili, mmojawapo wa wagonjwa akiwa mtoto, katika enzi ambapo nusukaputi ilikuwa bado haijaanza kutumika. Darwin alitoka mbio kabla ya shughuli kwisha, asirudi tena. Aprili 1827 aliondoka Edinburgh bila shahada yoyote.

Wanaosimulia maisha yake aghalabu huipita miaka hiyo miwili kwa haraka. Kwa maoni yangu, hapo ndipo penye kiini cha habari. Katika mji huo aliishi John Edmonstone, mtu mweusi kutoka Guyana aliyekuwa mtumwa kabla ya kupata uhuru wake. Edmonstone alijipatia riziki kwa kuwachuna ndege waliokufa, kuzihifadhi ngozi zao na kuzijaza ili wabaki na umbo la uhai. Darwin alimlipa amfundishe kazi hiyo, saa moja kila siku kwa miezi miwili. Aidha, aliandamana na Robert Grant, mtaalamu wa viumbe wa baharini, kuokota viumbe ufuoni, na mnamo Machi 1827 akawasilisha uvumbuzi wake mdogo mbele ya chama cha wanafunzi. Mtihani haukuyapima hayo.

Babake alikasirika, kisha akaamua kwamba mwanawe awe kasisi. Hilo lilihitaji shahada ya Cambridge. Chuo hicho kilichagua watu wake kwa namna yake: pamoja na gharama kubwa, hakuna aliyehitimu bila kuzikiri itikadi za Kanisa la Uingereza. Ni dhahiri kwamba mtoto wa maskini aliyeshindwa Edinburgh asingepata nafasi ya pili kama hii. Hata hivyo, Darwin naye alikuwa na kizuizi chake. Kigiriki alichosoma shuleni kilikuwa kimemtoka kichwani, hata baadhi ya herufi. Ilibidi afundishwe nyumbani na mwalimu wa binafsi, na ndiyo sababu aliingia Koleji ya Christ's Januari 1828, wenzake wakiwa wamekwisha kuanza.

Huko nako hakubadilika ghafla kuwa mwanafunzi hodari. Alishikwa na wazimu wa kukusanya mbawakawa. Siku moja, akiwa amekamata wawili, mmoja katika kila mkono, alimwona wa tatu. Akamtia mmoja kinywani ili auachilie mkono. Mdudu akammwagia ulimini maji makali, akamtema, na yule wa tatu naye akamponyoka! Lililomfaa zaidi ni urafiki wake na Profesa John Stevens Henslow, bingwa wa botania, aliyetembea naye karibu kila siku. Januari 1831 alifaulu mtihani wa shahada ya kawaida, akiwa wa 10 kati ya 178.

Miezi michache baadaye Henslow alimpendekeza kwa safari ya merikebu Beagle. Babake alipinga, mjomba wake, Josiah Wedgwood, akamshawishi akubali. Merikebu iling'oa nanga tarehe 27 Desemba 1831. Mwaka wa 1835, katika visiwa vya Galápagos, ndege walichunwa na ngozi zao kuhifadhiwa, na mnamo 1837 mtaalamu John Gould alionyesha jijini London kwamba wengi wao walikuwa spishi mbalimbali za visiwa hivyo. Miaka 22 baadaye kilichapishwa kitabu chake kuhusu asili ya spishi.

Uzeeni Darwin aliandika tawasifu. Humo alimkumbuka kwa wema mwalimu wake mweusi wa Edinburgh, ila hakumtaja kwa jina. Jina la Edmonstone lilikuja kutambuliwa na watafiti baadaye sana.