Georg Büchner

Georg Büchner (17 Oktoba 1813 – 19 Februari 1837) alikuwa mtunzi wa tamthilia, mwanasayansi na mwanamapinduzi kutoka nchini Ujerumani. Anajulikana hasa kwa tamthilia ya Woyzeck, ambayo hakuwahi kuimaliza na ambayo nusura ipotee pamoja na karatasi zake.

Maisha

Alizaliwa Goddelau, karibu na Darmstadt, akiwa mtoto wa daktari. Alisomea tiba Strasbourg na Giessen. Mwaka 1834, pamoja na mchungaji Friedrich Ludwig Weidig, alitoa kijitabu cha siri kilichowachochea wakulima wa Hessen dhidi ya kodi na watawala. Polisi wakiwa wameanza kuwasaka wenzake, aliandika tamthilia ya Kifo cha Danton kwa majuma machache tu, kisha akatorokea Ufaransa. Alifariki kwa tifusi mjini Zürich, Uswisi, alikokuwa ameanza kufundisha chuo kikuu, akiwa na umri wa miaka 23. Siku nne baadaye Weidig alifia gerezani.

Karatasi zake

Sehemu ya karatasi ilibaki kwa mchumba wake, Wilhelmine Jaeglé, ambaye hakuolewa kamwe. Inasemekana kulikuwa na tamthilia nyingine kuhusu mwandishi Pietro Aretino, haijapatikana. Wengi wamemlaumu Wilhelmine kwamba aliiharibu, lawama isiyo na ushahidi.

Mwaka 1850 Ludwig, mdogo wake Georg, alichapisha maandishi yaliyobaki, lakini aliiacha Woyzeck kwa sababu wino ulikuwa umefifia na mwandiko haukusomeka. Mwaka uliofuata nyumba ya familia iliungua, na barua nyingi zikateketea. Kwa hiyo barua kadhaa zinajulikana leo kwa vipande tu, vile Ludwig alivyochagua kuvichapa.

Mwandishi Karl Emil Franzos ndiye aliyezipaka kurasa hizo dawa za kemikali ili wino uonekane tena. Alifaulu, ila jina alilisoma vibaya, akachapisha Wozzeck mwaka 1879. Kosa hilo limedumu katika opera ya Alban Berg ya mwaka 1925.

Woyzeck wa kweli alikuwa askari wa zamani, aliyenyongwa? La: alikatwa kichwa hadharani mjini Leipzig mwaka 1824 kwa kumuua mwanamke. Büchner aliacha rasimu kadhaa bila mpangilio wa mwisho wa maonyesho, hivyo kila mwongozaji huamua mwenyewe. Tamthilia ilionyeshwa jukwaani mara ya kwanza München mwaka 1913. Hati zake zimehifadhiwa Weimar.