Philip Showalter Hench

Philip Showalter Hench (28 Februari 1896 – 30 Machi 1965) alikuwa daktari kutoka nchi ya Marekani. Anajulikana hasa kwa kuonyesha kwamba kortisoni, homoni ya tezi zilizo juu ya figo, hutuliza baridi yabisi. Mwaka wa 1950, pamoja na Edward Kendall na Tadeus Reichstein, alipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba.

Maisha na ugunduzi

Alizaliwa mjini Pittsburgh, akahitimu udaktari katika chuo kikuu cha mji huohuo mwaka wa 1920. Kuanzia 1923 alifanya kazi Mayo Clinic mjini Rochester, Minnesota. Mwaka wa 1929 alimwona mgonjwa wa baridi yabisi ambaye maumivu yake yalipungua baada ya kupata ugonjwa uliogeuza ngozi yake kuwa ya manjano. Wengine wangesema ni bahati tu. Hench alifuatilia, akaona pia kwamba wanawake wengi hupata nafuu wakiwa wajawazito, akakisia kwamba mwili wenyewe hutengeneza kitu cha kutuliza ugonjwa.

Tarehe 21 Septemba 1948 mwanamke wa miaka 29, aliyekakamaa viungo, alianza kudungwa kortisoni. Baada ya siku chache aliweza kutembea. Habari hizo zilienea duniani kote, lakini Hench alisisitiza kwamba dawa hiyo haiponyi: ikiachwa, maumivu hurudi. Baadhi ya wagonjwa walivimba uso, wengine wakavurugika akili.

Kortisoni na macho

Hench hakuwa daktari wa macho. Hata hivyo dawa za jamii ya kortisoni, yaani steroidi, ziliingia upesi katika tiba ya macho, kwa kuwa hutuliza uvimbe unaoweza kupofusha. Katika miaka ya 1950 ikagunduliwa kwamba zinaweza pia kupandisha presha ya macho. Jicho hutengeneza maji ndani yake na kuyatoa kupitia vijia vidogo sana. Steroidi huvifanya vijia hivyo vipitishe maji kwa shida; shinikizo, ambalo kwa kawaida ni kati ya milimita 10 na 21 za zebaki, hupanda na kuumiza neva ya jicho. Mara nyingi mgonjwa hasikii maumivu yoyote, na uwezo wa kuona uliopotea haurudi.

Si kila mtu hupatwa. Hatari ni kubwa zaidi kwa mwenye glaukoma au mwenye mzazi au ndugu aliyeugua. Matone yakisimamishwa shinikizo kwa kawaida hushuka, lakini dawa iliyodungwa ndani ya jicho hubaki humo kwa wiki au miezi. Kwa hiyo jicho lililodungwa hupimwa mara kwa mara, hata kama mgonjwa anaona vizuri. Shinikizo likipanda hutibiwa kwa matone mengine, leza, au mara chache upasuaji.

Miaka ya mwisho

Hench alistaafu mwaka wa 1957. Kwa miaka mingi alikusanya nyaraka kuhusu utafiti wa homa ya manjano nchini Kuba, ambazo sasa zinahifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Virginia. Alifariki kwa nimonia akiwa likizoni nchini Jamaika.