Charles Lapworth: Mwalimu Aliyeupa Mwamba Jina

Wanajiolojia humkumbuka Charles Lapworth kama mmoja wao, ilhali riziki yake ya ujanani aliipata kwa chaki. Alizaliwa mwaka wa 1842 mjini Faringdon, Uingereza, akasomea ualimu, na mwaka wa 1864 akaenda kufundisha Galashiels, kusini mwa Uskoti. Kilichomvuta huko hakikuwa mawe bali fasihi: hiyo ndiyo nchi ya Walter Scott, mwandishi aliyempenda mno.

Milima ya huko ilikuwa fumbo. Wataalamu waliiona kuwa lundo moja la matabaka ya matope yaliyogeuka mwamba, lenye unene wa maelfu ya mita. Siku za mapumziko, Lapworth alichunguza graptoliti, visukuku vya viumbe wa baharini vinavyofanana na michoro ya penseli juu ya jiwe. Pale Dobb's Linn, karibu na Moffat, alibaini kuwa aina zake hubadilika tabaka hadi tabaka. Kwa kuzifuata, alionyesha mwaka wa 1878 kwamba matabaka yalikuwa machache na membamba, ila yalikunjwa na kukatwa, yakajirudia mara nyingi.

Kilichoyakata hakukijua, wala asingeweza kukijua. Ni katika miaka ya 1970 ndipo wataalamu walipoieleza milima hiyo kuwa masalio ya mahali ambapo sakafu ya bahari iliyokwisha kutoweka, Iapetus, ilizama chini ya bara. Matope yake yalikwanguliwa, vipande vikapachikwa kimoja chini ya kingine, na kila kipande kikatenganishwa na mwenzake kwa ufa. Mwalimu wetu alikuwa akitembea juu ya nyufa hizo.

Mwaka wa 1879 aliunda istilahi Ordovisia, kutokana na kabila la kale la Wales, ili kukata ugomvi wa Sedgwick na Murchison, ambao wote wawili walikuwa wamekwisha kufa. Ulimwengu uliikubali rasmi mwaka wa 1960. Waundaji wa istilahi na wavute subira!

Mtihani mkubwa ulimkuta Eriboll, kaskazini kabisa, mwaka wa 1882 na 1883. Huko miamba mikongwe imelala juu ya michanga. Murchison, na baada yake Archibald Geikie, mkuu wa idara ya serikali ya upimaji wa miamba, walishikilia kuwa matabaka yamepangika kwa umri. Lapworth aliona kwamba miamba mikongwe ilisukumwa juu ya ufa uliolala. Kazi hiyo ilimvunja afya. Yasemekana usiku alihisi mlima ukimtambalia kitandani. Mwaka wa 1884 Geikie alikiri kosa.

Mwaka wa 1885 Lapworth aliuita mwamba wa ufa huo miloniti, kwa neno la Kigiriki la kinu, akidhani ulisagwa. Hadubini imeonyesha baadaye kwamba kwa sehemu kubwa ulitiririka kama unga uliokandwa, kwa joto la kina kirefu. Jina halikubadilishwa. Hata leo wachunguzi wa nyufa za kale zilizoinuka kutoka vilindini, kama za Shimanto nchini Japani, hutenganisha mwamba uliotiririka polepole na ule ulioyeyuka ghafla kwa msuguano wa tetemeko.

Alikuwa profesa Birmingham tangu 1881, na huko akafariki tarehe 13 Machi 1920. Daftari zake za nyanjani zimehifadhiwa katika makumbusho ya chuo kikuu cha mji huo, yenye jina lake.