Shekhar Mehta: jirani wa Uganda aliyeshinda Safari Rally mara tano, na somo la tairi kwa madereva wa Bunia

Madereva wa Bunia wanaotafuta tairi kabla mvua haijarudi wana jirani mmoja wa kukumbuka. Shekhar Mehta alizaliwa Uganda, ng'ambo ya Ziwa Albert, na alishinda mashindano ya magari ya Safari Rally mara tano kati ya mwaka 1973 na 1982. Kabla yake hakuna dereva aliyefikia hesabu hiyo. Alishinda kwenye barabara za udongo mwekundu, vumbi, mawe na matope, za aina ile ile inayowasumbua wanaotoka Bunia kwenda Mahagi au Kasenyi.

Mehta alizaliwa tarehe 20 Juni 1945 katika familia ya asili ya Kihindi iliyomiliki mashamba makubwa nchini Uganda. Mali ya nyumbani ilimpa nafasi ambayo vijana wengi wa wakati ule hawakuwa nayo: kununua gari na kulijaribu mbioni. Alianza mashindano akiwa na miaka 21, akiendesha BMW. Wakati huo Safari Rally ilikuwa tayari na jina kubwa. Ilianzishwa mwaka 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II wa Uingereza, na njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika.

Safari haikufanana na mbio za Ulaya. Ilikuwa na urefu wa maelfu ya kilomita, na ilikimbiwa mchana na usiku kwenye barabara ambazo hazikufungwa kwa watu wengine. Dereva angeweza kukutana na lori, ng'ombe au mwendesha baiskeli kwenye kona. Tena ilifanyika wakati wa Pasaka, majira ambayo mvua kubwa huanza Afrika ya Mashariki. Gari moja liliweza kupita asubuhi kwenye vumbi kavu na jioni kukwama kwenye udongo mweusi unaonata kama gundi.

Miaka ya mvua nyingi ilionyesha ukali wa mashindano hayo. Mwaka 1963 ni magari saba tu yaliyofika mwisho, na mwaka 1968 yakafika saba tena. Mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki, akiwa na Paddy Cliff ndani ya Peugeot 404, gari la familia lenye tairi nyembamba na lililosimama juu ya ardhi. Magari mengi yenye nguvu zaidi yalibaki njiani.

Kufukuzwa, kisha ushindi

Mwaka 1971 Mehta alimaliza wa pili nyuma ya Edgar Herrmann, wote wawili wakiendesha Datsun 240Z. Gari hilo la Kijapani lilikuwa la kisporti kweli: viti viwili, pua ndefu, injini ya silinda sita yenye lita 2.4, na nguvu zote zikienda kwenye magurudumu ya nyuma. Watu wengi wangelifikiria kwenye lami. Kampuni ya Nissan ililipeleka kwenye matope.

Mwezi Agosti 1972, Idi Amin alitangaza kwamba Waasia wa Uganda wana siku 90 za kuondoka nchini. Familia zilizoishi huko kwa vizazi ziliacha nyumba, maduka na mashamba. Mehta na ndugu zake walikimbilia Kenya. Mwaka mmoja baadaye, Novemba 1973, Mobutu alitangaza kwamba biashara na mashamba ya wageni katika Zaïre yatapewa wazalendo, na huku kwetu pia wafanyabiashara wengi wa kigeni walipoteza kila kitu. Wakazi wa Ituri waliovuka Ziwa Albert kwa mitumbwi mwaka 2018 wakikimbilia Uganda hawahitaji kuelezwa uzito wa kuanza upya kwenye nchi ya jirani.

Mehta alianza upya haraka. Kwenye Pasaka ya 1973, miezi michache tu baada ya kuhama, aliingia Safari akiwa na Datsun 240Z na msoma ramani wake Lofty Drews. Mashindano yaliisha kwa namna isiyo ya kawaida. Mehta na Msweden Harry Källström, aliyeendesha Datsun nyingine, walikuwa na pointi sawa za adhabu. Waamuzi walitumia kanuni ya kuangalia nani aliyekwenda mbali zaidi tangu mwanzo bila kupata adhabu yoyote. Mehta akatangazwa mshindi.

Katika Safari, kuchelewa kufika kituoni ndiko kulikoleta adhabu. Kwa hiyo matokeo ya namna hii yana maana kubwa kwa mtu yeyote anayechagua tairi. Baada ya siku kadhaa za mbio, tairi moja tu kupasuka mahali pabaya, na dakika chache za kuibadilisha, zingetosha kubadilisha jina la mshindi.

Miaka minne bila kushindwa

Mehta alishinda tena mwaka 1979, na hakuachia kombe hadi baada ya 1982. Ni ushindi wa mara nne mfululizo. Safari hii msoma ramani wake alikuwa Mike Doughty, na gari halikuwa tena 240Z bali Datsun ndogo ya milango minne, iliyoitwa 160J au Violet. Mwaka 1979 alimwacha nyuma Hannu Mikkola wa Finland, aliyekuwa na Mercedes 450 SLC, gari kubwa lenye injini ya lita tano. Mwaka 1980 na 1981 alimshinda Rauno Aaltonen, na mwaka 1982 akamshinda Mjerumani Walter Röhrl, ambaye mwaka huo huo alitwaa ubingwa wa dunia.

Wapinzani hao walikuwa na kasi ya kutosha. Faida ya Mehta ilikuwa kuzijua barabara na kulitunza gari. Alijua wapi pa kukanyaga mafuta na wapi pa kuachia. Mke wake Yvonne naye alikuwa mtu wa mashindano, na aliketi kando yake kama msoma ramani katika rali kadhaa.

Nyuma ya ushindi huo kulikuwa na mafundi waliosubiri njiani na rundo la tairi. Mafundi wa Safari walijua kwamba hakuna tairi moja inayofaa kila mahali. Kwenye matope walitaka tairi nyembamba yenye meno makubwa yaliyoachana. Upana mdogo hukata tope na kutafuta ardhi ngumu chini yake, na nafasi kati ya meno huruhusu udongo kutoka kila gurudumu linapozunguka. Kwenye kiangazi walitaka tairi yenye ubavu mgumu, isiyochanwa na mawe na isiyochemka haraka.

Somo linavyohusu Bunia

Katika mji wetu magari ya kisporti yanaonekana zaidi kila mwaka, mengi yakiwa yametumika kwanza Japani au Ulaya. Mara nyingi yanakuja na tairi pana zenye ubavu mfupi. Zinapendeza kwa macho na zinashika vizuri kwenye lami kavu. Ila kwenye shimo ubavu mfupi hubanwa kati ya jiwe na rimu, tairi ikapasuka na rimu ikapinda. Kwenye maji tairi pana iliyoisha huelea, na usukani ukabaki bila kazi.

Dereva anayetaka kubadilisha aanze kusoma maandishi ya ubavuni. Tairi yenye 205/55 R16 91V ina upana wa milimita 205, kimo cha ubavu ni asilimia 55 ya upana huo, na rimu ni ya inchi 16. Namba 91 ina maana kwamba tairi moja inabeba hadi kilo 615, na herufi V kwamba imetengenezwa kuvumilia kilomita 240 kwa saa. Kwa gari kama hilo, 195/65 ya rimu 15 ina kimo karibu sawa kwa jumla, lakini ubavu wake ni mrefu zaidi na unameza mashimo vizuri, mradi rimu hiyo haigusi breki. Ndiyo njia ile ile ya magari yaliyofika mwisho wa Safari: wembamba kidogo, kimo zaidi.

Jambo la pili ni umri. Baada ya herufi DOT kuna namba nne za mwisho. 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi iliyokaa miaka mingi hukauka na kupasuka ubavu hata kama meno yake bado ni marefu.

Jambo la tatu ni alama ya mlima na theluji. Inaonyesha tairi ya baridi ya Ulaya, yenye mpira laini uliotengenezwa kwa ajili ya hali ya chini ya nyuzi 7. Bunia haifikii baridi hiyo. Mpira huo huisha haraka kwenye joto letu, na gari hukawia kusimama ukifunga breki kwenye barabara kavu. Bei yake ndogo sokoni isimdanganye mtu.

Kwa majira ya mvua, sheria za nchi nyingi zinaruhusu meno yafike milimita 1.6, lakini chini ya milimita 3 tairi huanza kushindwa kusukuma maji. Mwenye pesa ya tairi mbili tu aziweke nyuma, kwa sababu gari linaloteleza nyuma hugeuka ghafla na ni vigumu kulirudisha. Na zote mbili za mhimili mmoja ziwe za aina moja. Kabla ya safari ndefu, apite kwa kwado kupima hewa tairi zikiwa baridi. Hewa pungufu ndiyo huchemsha tairi kwenye kiangazi hadi ikapasuka.

Mwisho wa bingwa

Mehta aliendelea na mbio hadi jangwani, ikiwemo Paris-Dakar akiwa na Peugeot. Mwaka 1987 alipata ajali mbaya katika rali ya Mafarao nchini Misri, na hapo kazi yake ya udereva ikaisha. Hakuuacha mchezo. Aliingia katika shirikisho la kimataifa la magari, FIA, na kuongoza tume yake ya rali. Safari Rally ilitoka kwenye ubingwa wa dunia baada ya 2002, na ilirudi mwaka 2021. Yeye hakuishi kuona hilo: alifariki London mwezi Aprili 2006, akiwa na miaka 60.

Dereva wa Bunia hana mafundi wanaomsubiri kila kilomita mia na tairi nyingine tayari. Ana tairi nne alizochagua mwenyewe na moja ya akiba, na abiria wanaotaka kufika nyumbani. Kwa hiyo achague tairi kwa ajili ya siku mbaya zaidi ya barabara yake.