Mwalimu Nyerere na Nyambizi za Nyuklia

Tukitajiwa Hayati Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, wengi wetu tunakumbuka Ujamaa, au vita vya kumng'oa Idi Amin. Wapenzi wa Kiswahili nao humkumbuka kwa kutafsiri tamthilia za Shakespeare. Mimi leo nataka kuwasimulia, wanachama wenzangu na walimu wetu, jambo lisilozungumzwi sana: jinsi kiongozi wa nchi maskini alivyobishana na wenye nyambizi za nyuklia.

Alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922. Babake alikuwa chifu wa Wazanaki. Alisoma Tabora, Makerere na Edinburgh, akafundisha Pugu, kisha mwaka 1955 akaacha chaki ili aiongoze TANU. Tanganyika ikapata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Hayo yamo vitabuni, tuyapite.

Sasa nyambizi hizi ni nini? Siyo zile za zamani za kuvizia meli tu. Novemba 1960 Marekani ilituma baharini nyambizi iliyoitwa George Washington, imebeba makombora 16 ya nyuklia aina ya Polaris. Chombo kama hicho hukaa chini ya maji wiki nyingi na adui hajui kiko wapi. Hesabu yake ni hii: hata ukiichoma nchi ya mwenzako yote, nyambizi yake iliyojificha itakulipiza. Kwa hivyo unaogopa kuanza. Wakubwa wakaiita hali hiyo amani! Wasovieti, Waingereza na Wafaransa nao wakaunda zao.

Bahari yetu ya Hindi iliingizwa katika hesabu hiyo kwa sababu ya umbali. Polaris mpya ya mwaka 1964 iliweza kwenda kama kilomita 4,600, yaani ikirushwa kutoka Bahari ya Arabuni inafika Moscow. Mwaka 1965 Uingereza ilivikata visiwa vya Chagos kutoka Mauritius, halafu wenyeji wakahamishwa kwa lazima ili Marekani ijenge kituo cha kijeshi Diego Garcia. Hapo ugomvi wa wakubwa ukawa umefika mlangoni pa Mwalimu.

Januari 1971 viongozi wa Jumuiya ya Madola walikutana Singapore. Waziri Mkuu wa Uingereza, Edward Heath, alitaka kuwauzia makaburu wa Afrika Kusini silaha, akidai kwamba manowari za Kisovieti zinahatarisha njia za meli. Nyerere alipinga vikali pamoja na Kaunda na Obote. Maskini Obote, kabla hajafika nyumbani Amin alikuwa amempindua, tarehe 25 Januari. Uganda si mbali na hapa Myanga, na wazee wetu wanajua yaliyofuata.

Mwaka huohuo Sri Lanka, ikiungwa mkono na Tanzania, ilipeleka hoja Umoja wa Mataifa kwamba Bahari ya Hindi iwe eneo la amani. Tarehe 16 Desemba nchi 61 zilikubali, hakuna iliyokataa, lakini 55 hazikuegemea upande wowote. Wenye nyambizi wote wanne niliowataja walikuwa kati ya hizo 55. Eti hawakupinga, walinyamaza tu! Manowari zikaendelea kuja. Na sisi Wakenya tusijifanye watakatifu, maana mwaka 1980 serikali yetu ilikubali manowari za Marekani zitumie bandari ya Mombasa.

Profesa Ali Mazrui, mzaliwa wa Mombasa, alikuwa na dawa nyingine. Katika mihadhara yake ya BBC mwaka 1979 alishauri Afrika iwe na bomu lake, ili wakubwa washtuke na kukubali kuyaacha yote. Hoja hiyo si ya kipuuzi. Ingeletwa kwenye mdahalo hapa shuleni, nadhani wengi wangeishangilia. Lakini mimi niko na Mwalimu, na si kwamba yeye alikuwa mwoga wa vita, kwa maana jeshi lake lilifika Kampala mwaka 1979. Vita vile vilikuwa na mwisho, watu wakarudi kulima. Vita vya nyuklia, nani atabaki wa kurudi shambani?

Mwaka 1984 alijiunga na viongozi wa India, Mexico, Argentina, Sweden na Ugiriki. Januari 1985 walikutana Delhi wakataka majaribio na utengenezaji wa silaha hizo usimamishwe. Walisema kwamba wasio na bomu watakufa pia, kwa hivyo wana haki ya kuulizwa. Novemba mwaka huo aliacha urais, lakini kazi hiyo hakuiacha.

Aprili 1996 nchi za Afrika zilitia sahihi Cairo mkataba wa Pelindaba, unaokataza silaha za nyuklia barani. Mwalimu alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama. Mkataba ulianza kufanya kazi tarehe 15 Julai 2009. Hata hivyo, unaiachia kila nchi iamue yenyewe kama meli za kigeni zitatia nanga bandarini mwake. Nazo nyambizi zenyewe hazihitaji kubisha hodi.