Theodor Hertzka na nchi isiyo na bwana

Theodor Hertzka alizaliwa Pest, Hungaria, mwaka 1845, akawa mchumi na mhariri wa magazeti mjini Vienna. Aliamini sana uhuru wa soko, lakini alisumbuliwa na swali moja: kwa nini viwanda vinazalisha mali nyingi na wafanyakazi wanabaki mafukara? Mwaka 1890, mwaka mmoja kabla ya Papa Leo XIII kutoa waraka wa Rerum Novarum, alijibu kwa riwaya iitwayo Freiland, yaani Nchi Huru.

Nchi hiyo aliiweka kwetu. Wahamiaji wa kitabuni wanashuka Mombasa, wanapita Taveta, jirani zetu wa hapa Moshi, hadi nyanda za Mlima Kenya. Huko ardhi haina mwenyewe, kila mtu anajiunga na ushirika anaoutaka, mtaji hauna riba, wazee na wagonjwa wanatunzwa. Hakuna bwana wala mtwana.

Kitabu kilipendwa, vyama vikaundwa Ulaya, na mwaka 1894 kundi dogo likafika Lamu likitaka kupanda Mto Tana. Hertzka mwenyewe alibaki Ulaya. Watu waliokuja kuishi bila kutawaliwa walilazimika kwanza kuwategemea Waingereza wawaruhusu kupita. Wakakwama pwani, wakagombana wao kwa wao, na mwaka huohuo kundi likavunjika bila kuuona mlima.

Wengi husema walishindwa kwa uzembe. Naona kosa lilikuwa kitabuni tayari. Kando ya Tana waliishi Wapokomo. Chini ya Mlima Kenya Wakikuyu walikuwa wakilima. Ardhi isiyo na mwenyewe haikuwepo, na kuipata kungehitaji mabavu yaleyale waliyoyakimbia. Sisi wa mlimani tunaujua mfereji wa asili: hauna polisi, lakini una wazee na zamu, na anayeiba maji anaulizwa. Leo XIII naye alitetea mali ya mtu binafsi, hapohapo akaidai serikali imlinde mnyonge.

Theodor Herzl, aliyeandika juu ya taifa la Wayahudi mwaka 1896, alikiri kwamba mashine ya Hertzka ilipangwa kwa ustadi, ila hakuona uthibitisho kwamba ingeweza kuwashwa.

Hertzka hakuiona Nchi Huru. Alifariki Wiesbaden, Ujerumani, mwaka 1924.