Jeevanjee na gazeti lililomgeuka

Wasomaji wengi wanamjua Jeevanjee kwa ile bustani yake katikati ya Nairobi, ambamo watu hupumzika mchana na wasemaji hukusanya wasikilizaji chini ya miti. Mimi niliyekula riziki ya kalamu kwa miaka mingi namkumbuka kwa jambo jingine. Huyu ni Mwislamu aliyeanzisha gazeti hapa hapa Mombasa, kisha likaja kuwa msemaji wa watu waliompinga.

Alibhai Mulla Jeevanjee alikuwa Bohora, mzaliwa wa Karachi mwaka 1856. Masomo ya shule hakuyapata mengi, lakini Mola alimjalia jicho la biashara. Alitembea hadi Australia kabla ya kuja kwetu mwaka 1890. Ujenzi wa reli ya Uganda ulipoanza mwaka 1896, yeye alikuwa miongoni mwa waliopata kandarasi za kuleta vibarua kutoka Bara Hindi na kuwapatia chakula. Kwa jumla vibarua wapatao 32,000 waliletwa, na karibu 2,500 miongoni mwao walikufa kazini. Hapa ndipo penye doa katika sifa zake, wala si haki kulifunika. Mali iliyomwezesha baadaye kusimama mbele ya Mwingereza ilitokana na kazi ya Mwingereza huyo huyo, na jasho la maskini wa kwao.

Reli ilipopanda bara naye akapanda nayo, akajenga ofisi, nyumba na soko la Nairobi. Mwaka 1902 tauni iliingia mjini humo, serikali ikalitia moto soko la Wahindi. Mwaka huo huo Jeevanjee alianzisha African Standard, gazeti la kila wiki, akamwajiri Mzungu, W. H. Tiller, awe mhariri. Mwaka 1905 akaliuza kwa Wazungu. Mwaka 1910 likahamia Nairobi, na kwa jina la East African Standard likatetea kwa miaka mingi walowezi waliotaka Mhindi asipate ardhi wala kura sawa na yao. Mfanyabiashara huuza bidhaa akasahau. Gazeti si gunia la mchele. Aliyelinunua alinunua pia masikio ya watu.

Lakini msomaji asidhani kwamba tangu mwanzo alikuwa adui wa serikali. Ile bustani aliitoa yeye mwenyewe, pamoja na sanamu ya Malkia Victoria iliyozinduliwa mwaka 1906. Kilichomgeuza ni ardhi. Mwaka 1908 serikali ya London ilikubali kwamba mashamba ya nyanda za juu yawe ya Wazungu. Mtu aliyeijengea serikali ofisi zake akaambiwa kwamba hastahili kununua shamba.

Mwaka 1910 akaingia katika Baraza la Kutunga Sheria, wa kwanza asiyekuwa Mzungu. Mwaka huo huo akiwa London aliwashambulia wakubwa wa koloni waziwazi, akafika hadi ya kutaka Afrika Mashariki iunganishwe na Bara Hindi. Walowezi walichemka. Na mimi, nikiwa mtu wa Pwani, pia silikubali neno hilo. Wenyeji wa nchi hii hawakuulizwa na Mwingereza alipoitwaa, wala hawakuwamo katika hesabu ya Jeevanjee alipotaka iwekwe chini ya Bombay. Alidai haki kwa ushujaa mkubwa, lakini haki hiyo ilikuwa na mipaka ya kabila lake.

Kongresi ya Wahindi wa Afrika Mashariki ilipoundwa Mombasa mwaka 1914, alikuwa miongoni mwa nguzo zake. Mvutano ukaendelea hadi mwaka 1923, serikali ya London ilipotangaza kwamba katika Kenya maslahi ya Mwafrika ndiyo yatatangulia. Mashamba ya nyanda za juu, hata hivyo, yalibaki mikononi mwa Wazungu.

Jeevanjee alifariki mwaka 1936, mali yake ikiwa imepungua sana. Mwaka 1991 palitokea mpango wa kujenga jengo kubwa juu ya bustani yake. Mjukuu wake, Zarina Patel, aliongoza upinzani, umma ukamuunga mkono, na mpango ukaachwa. Sanamu ya Malkia haikupata bahati hiyo. Mwaka 2015 iliangushwa na kuvunjwa kichwa.